Gari la Marehemu: Nyumba ya Chokaa au Jahazi?

Kadi ya gari ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya mkeka wa mbele, imekunjwa mara nne, na jina lililoandikwa humo lilikuwa la mtu tuliyekwisha kumzika. Shughuli ya kufufua gari la urithi huanzia hapo, ingawa wengi wetu tuna haraka ya kushika spana. Peugeot 504 stesheni ya mjomba ilikuwa imekaa miaka chini ya mwembe, Tanga, matairi yameisha upepo, kuku wanataga kwenye buti, na kila aliyepita uani alikuwa na rai yake. Mmoja alisema liuzwe kwa kilo. Binamu yangu alitaka lishushwe springi, livikwe rimu pana na lifungwe spika. Mkaza mjomba hakutoa rai yoyote. Aliuliza tu kama honi bado inalia.

Nianze basi na karatasi. Katika mirathi ya Kiislamu mpwa hamrithi mjomba aliyeacha mke na watoto. Mimi niliachiwa gari kwa wasia, na wasia kwa asiye mrithi haupiti theluthi ya mali isipokuwa warithi wenyewe waridhie. Maana yake gari lithaminiwe kwanza, likiwa vile vile na kuku wake. Baadaye linakuja suala la nani ana mamlaka ya kulitoa. Tanzania Bara atakayelihamisha jina ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Zanzibar mali za marehemu Waislamu zina ofisi yake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinamhesabu kuwa mkosaji mtu anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini. Kung'oa injini ni kujiingiza, hata kama nia ni njema.

Ugomvi mkubwa wa magari haya, kwa ninavyoona, hauhusu rangi wala rimu. Mtoto mmoja anaanza kutengeneza gari ambalo bado ni la wote, anatia fedha zake mwaka mzima, gari linaamka, na siku linapoamka ndugu wanne wanakumbuka kwamba wana fungu humo. Wanadai fungu la gari lililoamka, si la gari lililolala. Karatasi moja yenye thamani ya gari kabla ya matengenezo na saini za wote ingemaliza kesi hiyo kabla haijazaliwa. Kadi nayo ina mipaka yake: ina namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Mwenye kupanga kubadilisha injini au rangi ajue kwamba anabadilisha pia maandishi ya serikali, na kwamba siku ya kukaguliwa atatakiwa aeleze.

Sasa gari lenyewe. 504 halikuwa gari la kifahari huku kwetu, na nadhani ndiyo sababu linauma kulipoteza. Peugeot waliizindua mwaka 1968, ikatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969. Ufaransa iliacha kuunda saluni zake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuliunganisha hadi miaka ya 2000. Sifa yake Afrika Mashariki ilitangulizwa na kaka yake, 404, enzi zile mashindano ya Safari yalipokuwa yakikata Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye tope la Pasaka. 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakafika 7 tena, na mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Mwenye duka, mwalimu mkuu na daktari wa wilaya walipokwenda kununua gari, tangazo walikuwa wamekwisha kuliona barabarani, limejaa tope mpaka kwenye kioo. 504 nayo ikaja kushinda mwaka 1975 na 1978.

Stesheni ndiyo iliyokuwa na maisha marefu zaidi. Ni ndefu kuliko saluni kwa sentimita 16 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ekseli yake ya nyuma imebebwa na springi nne badala ya mbili. Kenya ilifanywa teksi ya masafa marefu, ile ya abiria saba. Ya mjomba ilibeba nazi, watu, mara moja maiti, kati ya Tanga, Horohoro, Lunga Lunga na Mombasa.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kulirudisha gari la babake katika asili yake, namuuliza asili ipi. Kuna lile lililotoka kiwandani na kuna lile lililofika uani. La mjomba lilikuwa na bamba la chuma chini ya injini ambalo Peugeot hawakulijua. Lilikuwa na keria ya mabomba iliyochomelewa juu ya paa, siti za rekisini ya kijani iliyoshonwa na fundi viti wa mjini, na swichi moja kwenye dashibodi ambayo ilitugharimu siku mbili kujua kazi yake. Feni ya 504 ilikuja na klachi ya umeme: injini ikipata joto inashika, ikipoa inaachia. Klachi ile ilipokufa fundi aliifunga feni izunguke moja kwa moja, kisha akaongeza feni ndogo ya umeme mbele ya rejeta, na swichi ndiyo ya hiyo ndogo. Mwenye kufuata katalogi ya Paris ataing'oa. Lakini silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, ikichemka mara moja vizuri inapinda, na barabara ya Horohoro saa nane mchana haisomi katalogi. Fundi yule alikuwa anatibu gari kwa hali ya hewa ya hapa.

Duniani kuna watu waliokaa wakalifikiria jambo hili kwa makini. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linahesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30. Baadaye walipitisha Hati ya Torino, ambayo kwa mukhtasari inasema: gusa kidogo iwezekanavyo, usifute alama za umri bila sababu, kilicho kipya kijulikane kuwa ni kipya, na uandike ulichofanya. Waliyachukua mawazo hayo kutoka kwa wahifadhi wa majengo. Mtu wa pwani anayaelewa bila hata ya kuisoma hati. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na somo linaloumiza zaidi katika miji hiyo ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Ukiukandika saruji unakaa ukipendeza misimu miwili, mitatu, huku maji yaliyofungiwa ndani yanaula, na siku moja unamwaga plasta pamoja na mawe. Kwa jicho la mhifadhi gari la mjomba ni nyumba ya chokaa: litengenezwe kwa vitu vya jinsi yake.

Lakini pwani hiyo hiyo ina mfano wa pili, unaokwenda kinyume. Jahazi linapandishwa ufukweni, linasuguliwa, mbao zilizooza zinatolewa, mpya zinapigiliwa, linakalafatiwa, linapakwa sifa, linarudi majini. Baada ya miaka thelathini huenda mbao za mwanzo zimebaki chache sana, na mimi sijamsikia baharia akiuliza kama bado ni jahazi lile lile. Jina lake ni lile, nahodha anajulikana, linaelea. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vinaundwa upya kila msimu. Kwa jicho la fundi wa jahazi, injini ya Toyota ndani ya 504 ni ubao mpya tu.

Nimezunguka baina ya mifano hii miwili kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Uamuzi nilioufikia unatokana na kitu kimoja cha gereji: je, anayekuja baada yangu akitaka kukirudisha nilichobadilisha, atahitaji spana au atahitaji moto? Kilichofungwa kwa bolti kinafunguliwa kwa bolti. Kabureta, alternata, feni, siti, redio, hata diski za breki za aina nyingine, vyote vinaweza kukaa sandukuni vikisubiri mjukuu mwenye mawazo tofauti. Kilichokatwa kwa gesi au kuchomelewa hakina sanduku. Kwa mambo ya spana, gari ni jahazi. Kwa mambo ya moto, ni nyumba ya chokaa.

Moto hata hivyo haukwepeki, kwa sababu kuna kutu. 504 haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover; bodi yenyewe ndiyo mifupa. Zile boksi ndefu za bati chini ya milango, kushoto na kulia, ndizo zinazolizuia gari lisikunjike katikati, na ndizo zinazooza kwanza kwa mtu anayeishi karibu na bahari, kwa sababu chumvi na tope vinaingia ndani na havitoki. Dawa iliyozoeleka ni puti. Fundi anasugua juu juu, anajaza, anapiga msasa, anapaka rangi, na kwa mwaka mmoja gari linang'aa. Puti ni saruji ya bati, na inaficha ugonjwa kutoka kwa mwenyewe na kutoka kwa atakayeuziwa. Sumaku ya spika mbovu inatosha kukupa habari: iburuze juu ya bodi, pale inapoacha kushika chini hakuna chuma. Kwenye gari la mjomba iliteleza kutoka bawaba ya mlango wa mbele hadi gurudumu la nyuma bila kushika mahali.

Hapo moto unaruhusiwa, kwa masharti. Kata hadi ufike kwenye chuma kizima hata kama shimo linatisha. Bati jipya liwe na unene wa lile la zamani na mikunjo yake ile ile, maana nguvu imo katika mikunjo kuliko katika unene. Milango iwe imefungwa na gari limeegemezwa sawasawa wakati wa kuchomelea, la sivyo utamaliza kazi ukute milango haifungi. Kuchomelea kukiisha, ndani ya boksi imiminwe nta au hata oili chafu nzito. Ni kazi isiyoonekana na hakuna jirani atakayeisifia. Kwa maoni yangu nusu ya bajeti yote ikiishia hapa haijapotea. Wenye Land Rover za zamani wana shida yao nyingine: bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma, na metali hizi mbili zikikutana penye maji ya chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikigeuka unga mweupe palipo na bolti.

Injini ilinipa usingizi zaidi ya bodi. Peugeot waliiweka slivu za kutoa, zinazozungukwa na maji, kwa hiyo ovahoo haidai kuchongesha bloku. Unatoa slivu na pistoni nne za zamani, unatia seti mpya. Kuna hofu moja inayozunguka vijiweni ambayo inafaa iondolewe. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa Kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na tangu hapo wenye magari ya zamani wameambiwa injini zao zitakufa kwa sababu risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya vali. Ni kweli kwa injini zenye hedi ya chuma cha kusubu ambamo kalio limechongwa ndani ya hedi yenyewe, kama nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960. Hedi ya aluminiamu haiwezi kufanya hivyo, ni laini mno. Vikalio vyake ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa. 504, 404 na hata Volkswagen ya mgongo wa kobe zinakunywa petroli ya leo bila dawa ya chupa. Anayekuuzia chupa hiyo muulize kwanza hedi yako ni ya nini.

Kubadilisha injini nzima ni suala jingine. Anayetaka kulitumia gari kila siku kwenda kazini ana hoja nzuri: injini ya Toyota ina spea kila kona na kila fundi kijana anaijua. Ila mzigo wa hoja hiyo hautajwi. Mikono ya injini itachomelewa upya, tunneli ya giaboksi huenda ikakatwa, kadi itabadilishwa, na nguvu ikiongezeka breki zilezile za zamani zitatakiwa zisimamishe kilichoongezeka. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu akinilazimisha, nitamwambia aiache injini ya zamani kavu, imepakwa grisi, ndani ya sanduku, na asiikate mikono yake ya asili. Jijini Nairobi, kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kuyageuza magari ya kutembeza watalii yatumie umeme, kwa hiyo hata mlango huo umefunguka. Kwa gari linalozunguka mbugani na kulala pale pale linapochajiwa naona maana yake. Kwa 504 ya Tanga bado naisikia kama kumvisha mzee viatu vya mjukuu.

Mahali pamoja sitaki kusikia habari za asili wala kumbukumbu: breki na matairi. Oili ya breki inavuta maji hewani, na gari lililosimama miaka kumi pwani lina silinda zilizooza kwa ndani na mipira iliyovimba; pedali inaweza kuwa ngumu vizuri uani na kukosa kabisa kwenye mteremko. Vyote vitolewe. Tairi nalo lina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka kumi na tano ni kaburi lililopigwa rangi. Mikanda ya siti ifungwe hata kama mzee hakuwahi kuifunga. Pointi na koili zikibadilishwa kwa mfumo wa elektroniki, na alternata kubwa ikawekwa ili taa zimulike kweli, hakuna roho ya marehemu itakayosumbuka.

Fedha nazipitia haraka kwa sababu jibu lake ni fupi: hazirudi. Gari likikamilika litauzwa chini ya gharama yake, na anayefanya hesabu ya faida auze leo. Kinachobadilisha hesabu ni kwamba lingine hupati. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania inaliongezea ushuru gari kuukuu. Yale yaliyoko ndani ndiyo yaliyobaki. Kwa upande wa vipuri, vya injini bado vinapatikana Grogan, Nairobi, kwa sababu pikapu za 504 zilibeba mboga miaka mingi baada ya saluni kusahauliwa. Bushi na pini unachongesha Gerezani, Dar es Salaam. Kigumu ni mipira ya vioo, lenzi za taa, vitasa, vile vipande vya kung'aa. Anza kununua hivyo. Rimu zitakuwapo hata mwakani.

Kigumu zaidi ni fundi. Kijana wa gereji ya leo anachomeka kompyuta, gari linamwambia linapoumia. 504 haisemi. Mzee aliyenitengenezea kabureta alisikiliza injini kwa bisibisi aliyoiegemeza sikioni, akaweka mwanya wa pointi kwa karatasi ya sigara kwa sababu fila geji yake iliibwa, na alipoipima baadaye kwa geji ya kuazima hakukuwa na cha kurekebisha. Nilimwomba ruhusa nimrekodi kwa simu. Alikubali, kisha akaniambia niache kurekodi nishike bisibisi. Wanaojadili urithi wa magari wanazungumza sana juu ya bati. Wazee kama huyu hawana kadi wala namba ya chesisi, na hakuna mahakama itakayoteua msimamizi wa wanachokijua.

Kuna pia njia ya tatu ambayo familia nyingi haziifikirii, nayo ni kutotengeneza hata kidogo. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yana magari ya viongozi yaliyosimama, na hakuna anayedai yatembee. Gari linaweza kuoshwa, kukaushwa, kuinuliwa juu ya mawe, kufunikwa. Kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yanayofanyika tangu 1970, waamuzi huchungulia hadi uvungu kutafuta vumbi, na nafurahia kuyatazama magari yale. La mjomba lisingepata alama huko, na si kwa sababu ya vumbi.

Kwa sasa injini inawaka. Honi inalia, waya ulikuwa umekatwa na panya. Rekisini ya kijani nimeiacha, nimemwita fundi viti aizibe palipochanika tu. Rimu za binamu ziko kwenye boksi lake, tumekubaliana azifunge siku za harusi na kuzitoa. Kinachonishinda ni keria. Imechomelewa kwa moto, hivyo kwa kanuni yangu mwenyewe haikupaswa kuwekwa. Aliyeiweka ni mjomba, na alibebea juu yake kitanda cha arusi yake kutoka Mombasa. Kila palipochomelewa maji yanapita, na paa limeanza kuoza kuzunguka miguu yake minne. Fundi bodi ameniuliza mara mbili kama aikate, asawazishe paa, liwe kama la kiwandani. Nimemwambia amalize mlango wa nyuma kwanza.